Doh Iko Wapi Leo?

Mimi Onchari nimestaafu. Mpiga kinanda wa bendi hastaafu kwa barua wala hotuba ya meneja. Siku moja unakifunika kinanda kwa kitambaa, na Jumapili inayofuata unajikuta nyumbani ukimenya ndizi kama watu wengine. Vijana wa bendi wameniomba niwaandikie machache kuhusu kazi hii kabla sijasahau, na nimekubali. Ila niwaambie mapema kwamba mimi ni mtu wa wivu, na wivu wenyewe haujastaafu. Mahali popote mtakapoona nimemsifu Momanyi, mjue sentensi hiyo niliiandika nimekunja uso.

Kwanza mjue kazi yenyewe. Kwenye bango la bendi yetu kuna picha kubwa ya Kerubo akiwa na maikrofoni, jina lake kwa herufi nyekundu, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, maneno "na bendi yake." Mimi niliishi humo ndani ya "na bendi yake" tangu nikiwa na nywele. Wazee wetu waliita kila kikundi cha muziki jazz, hata kikiwa na gitaa mbili na mtu wa kukwaruza chupa ya soda. Sisi tulikuwa na saksafoni na tulivaa tai, kwa hiyo jina hilo tulilistahili kidogo.

Nilianzia kanisani, pale Manga, kwenye kinanda cha kukanyaga. Ukikanyaga sawasawa kanisa zima linaimba, ukichoka wimbo unaishiwa pumzi katikati ya ubeti na wazee wote wanageuka kukutazama. Kwaya yetu haikusoma nota za mistari. Tulifundishwa doh, re, mi, na mwalimu wa kwaya aligonga uma wake wa sauti mezani akatangaza, "Doh ni G," nasi sote tukajua nyumbani ni wapi. Maneno hayo yameniingia hivi kwamba hadi leo sisemi kama watu wa Nairobi kwamba wimbo uko kwenye "key" gani. Nauliza tu doh iko wapi.

Aliyenifanya mtu wa kazi ni Mzee Marube. Alikuwa amepiga na bendi nyingi Nairobi, akarudi Kisii na suti mbili na maumivu ya mgongo, akawa anapiga kila Jumapili mchana kwenye bustani ya hoteli moja mjini. Nilimwendea baada ya ibada nyingi za kujipa moyo. Akanikalisha kwenye kinanda chake cha umeme, akaniambia nimpigie mwimbaji aliyekuwepo siku hiyo. Wimbo ukaanza vizuri. Mwimbaji akaona uko chini, akaniashiria nipandishe. Mimi nikanyoosha kidole nikabonyeza kile kitufe cha kuhamisha sauti, mnakijua wenyewe, kitufe ambacho unakibonyeza na kinanda chote kinapanda ngazi huku vidole vyako vikibaki vilipokuwa. Nikaendelea nikitabasamu. Mzee Marube akachomoa waya ukutani.

"Umefanya nini?" akaniuliza.

"Nimehamisha, mzee."

"Nani amehama? Wewe si umekaa tu hapo? Ni hii mashine imehama."

Akaingia jikoni mwa hoteli, akarudi na plasta ya kubandika vidonda, akaibandika juu ya kile kitufe. Akaniambia nitaibandua siku nitakayozijua doh zote kumi na mbili kwa vidole vyangu mwenyewe. Nilichukua miaka kuzijua. Nilipozijua sikubandua kitu, maana nilikuwa nimeanza kujivunia ile plasta. Kila kinanda nilichopata kuwa nacho baadaye kilibandikwa plasta siku ya kwanza, kabla hata ya kuwashwa.

Msidhani ni ukaidi wa wazee. Kitufe kile kina kosa lake, na kosa hilo ni letu peke yetu. Mpiga gitaa akikosea, amekosea sasa hivi kwa kidole chake. Sisi tunaweza kukosea kwa sababu ya kitu tulichobonyeza asubuhi. Niliona harusi moja Magwagwa, mpiga kinanda alikuwa ameisindikiza kwaya mapema, akapandisha, akasahau kurudisha. Bibi harusi anaingia, saksafoni iko mahali pake, kinanda kiko ghorofa ya juu. Bibi harusi alisimama katikati ya njia akadhani amekatazwa kuja, na shangazi zake walihitaji muda kumsukuma mbele tena. Yule mpiga kinanda siku hizi anauza mbolea na anafanya vizuri.

Vifaa vyangu vilikuwa vichache. Waya mrefu wa umeme, kwa sababu soketi ya wenye harusi huwa daima upande wa pili wa uwanja. Mwavuli mkubwa, wa kinanda, si wangu. Brashi ya rangi isiyotumika, ya kufagia vumbi la murram kati ya vidole vya kinanda. Na kamba ya mpira ya kukifunga kwenye boda boda. Kupanda Manga kwa boda boda ukiwa umekumbatia kinanda kimelala magotini kwa upana ni kazi inayotaka barabara nzima iwe yenu, na watu wa kule hawakupi barabara nzima hata ukiwa umebeba jeneza.

Kisha akaja Kerubo. Alitoka Nyamira, binti wa Wasabato kama mimi, na bendi tangu mwanzo ilikuwa yake, hakuna aliyebishana. Ijumaa jua likielekea kuzama tulifunika vyombo, tukavifunua Jumamosi jua likishazama, na aliyetaka muziki wa Sabato alitafuta bendi nyingine. Kwa hiyo siku yetu kubwa ilikuwa Jumapili mchana, kwenye bustani ile ile ya Mzee Marube, ambaye kwa wakati huo mgongo ulikuwa umemshinda na kiti kikawa changu.

Sauti ya Kerubo ilikuwa na tabia zake. Wimbo uleule, leo anautaka D fleti, juma lijalo anautaka E kwa sababu amelala vizuri, siku ya mafua anautaka B fleti na uso wa kulaumu. Hakuwahi kusema mapema, kwa kuwa mwenyewe hakujua mpaka asimame. Basi tukawa na desturi yetu. Niliinama kidogo na kuuliza, "Doh iko wapi leo?" Yeye, akiwa anawatabasamia wageni, alipeleka mkono wa kushoto nyuma ya mgongo na kunionyesha vidole. Vikielekea chini, hizo ni fleti, alama za kushusha nota, na idadi yake ndiyo idadi ya fleti. Vikielekea juu, ni shapu, za kupandisha. Ngumi ni C. Wageni waliona uso wake. Mimi nilipewa ule mkono wa nyuma, na hakuna mtu mwingine aliyeupata.

Nasema wazi, niliuonea wivu mkono ule hata kabla hajatokea wa kuniibia. Mpiga saksafoni wetu siku moja alisogea upande wangu akaviona vidole, akaingia kwenye wimbo bila kuniangalia mimi. Sikumsemesha njia nzima ya kurudi. Mke wangu Moraa alipouliza kuna nini, nilimweleza.

"Baba Bosibori," akasema, "mimi ndiye wa kuwa na wivu hapa, na mimi nimenyamaza."

Nikamwambia hayo si mambo ya namna hiyo. Akasema anajua, na kwamba ndiyo maana anashangaa. Moraa alikuwa sahihi kushangaa. Sikumtaka Kerubo kwa lolote ambalo mchungaji angelikemea. Nilitaka tu niwe yule ambaye Kerubo hawezi kuanza bila yeye.

Miaka ikaenda hivyo, mpaka nilipoukata mkono wangu wa kushoto nikipogoa chai. Ulikuwa msimu wa kupogoa, panga limenolewa vizuri kuliko nilivyodhani, na shina moja likaniruka. Nikashonwa. Daktari akasema nisiguse kinanda wala jembe mpaka msimu wa mvua upite. Jembe nililiacha kwa furaha. Kuhusu kinanda, Kerubo alituma ujumbe kwamba nisiwe na wasiwasi, amepata mtu wa kushika nafasi yangu.

Mtu wa kushika alikuwa Momanyi. Fundi wa simu, kibanda chake kiko Nyamira karibu na stendi, mtu mzima mwenye watoto, kwao Magwagwa. Jumapili ya kwanza nilikwenda bustanini na bandeji yangu kumsikiliza. Nilienda, nisiwafiche, kama mtu anayekwenda kukagua boma la jirani baada ya upepo.

Plasta ya kinanda cha bendi ilikuwa imebanduliwa. Hilo ndilo la kwanza nililoona. Momanyi alijua doh moja tu, C, na kila wimbo alibonyeza kitufe mpaka C yake ifike alipo Kerubo. Nikatulia, nikaagiza chai. Kisha akaanza kupiga, na chai ikanipoa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unanguruma. Sijui niwaelezeje. Sisi wengine mkono wa kushoto tunauweka chini kama msingi wa nyumba na kuusahau. Wake ulikuwa ukisema jambo lake mwenyewe, zito, lenye kukwaruza kidogo, na wazee waliokuwa wakila walianza kutikisa mabega bila kujua. Niliuliza nikaambiwa kwamba babu yake alikuwa mpiga obokano, kile kinubi chetu kikubwa cha nyuzi nane chenye sauti ya fahali, na Momanyi alikulia miguuni pake.

Moraa alikuwa nami meza ile. "Huyu anapiga vizuri, ee?"

"Anajua doh moja."

"Lakini hiyo moja anaijua."

Sikumaliza chai. Nyumbani nilijaribu ule mkono wa kushoto wake kwa mkono wangu wa kulia, kwa kuwa wa kushoto ulikuwa bado na nyuzi za daktari. Haukuja. Nilipopona nikaujaribu kwa mkono wenyewe, na haukuja vilevile. Nilipata nota zote alizopiga, kwa mpangilio wake, nikasikia mtu aliyenakili.

Kerubo alitubakiza wote wawili, Jumapili moja mimi, Jumapili moja yeye. Alisema ni vizuri kuwa na akiba. Kila zamu yangu nilibandika plasta, kila zamu yake ilibanduliwa, na yeye, kwa adabu yake ya kuudhi, aliihifadhi imebandikwa pembeni mwa kinanda ili niikute. "Mzee, plasta yako iko hapo," angeniambia. Ningependa zaidi angeitupa.

Basi ikaja ile piano. Mwenye hoteli, mfanyabiashara Mwislamu wa pale mjini aliyependa mambo mazuri kuliko alivyoyaelewa, aliinunua kwa familia iliyokuwa inahama Kericho. Piano ya kweli, ya mbao, yenye nyuzi ndani, ilishushwa kwenye lori na watu wanne na mashauri ya watu kumi. Fundi akaja kuikaza nyuzi. Ikawekwa chini ya paa la bustani. Kerubo akatuita wote wawili akasema hatatubadilisha tena kila juma. Piano inataka mtu mmoja wa kuizoea. Jumapili tutampigia kila mmoja wimbo mmoja mbele ya watu, uleule, na yeye atajua nani akae pale. Mwingine atabaki na kinanda cha umeme pembeni.

Ninyi mnaopiga mmeshanielewa. Piano haina kitufe. Nilirudi Manga siku ile nikiwa mwepesi, nikamwambia Moraa apike kuku. Miaka yote ya plasta ilikuwa inakuja kulipwa Jumapili moja, mbele ya watu, na sikuhitaji kufanya lolote baya. Mbao na nyuzi zingefanya zenyewe.

Wimbo ulikuwa ule wa Kerubo mwenyewe, alioutunga kuhusu mamake akichuma chai mvua ikimnyeshea. Nilianza mimi. Nikainama, "Doh iko wapi leo?" Mkono ukaenda nyuma, vidole vitano vikaelekea chini. D fleti. Nilimpigia kama sijawahi. Kila mahali alipovuta nilimngoja, kila mahali alipokimbia nilikuwa nimeshafika. Watu wakapiga makofi mazuri. Kerubo akageuka akaniambia, "Buya mono, Onchari," yaani vizuri sana, na alimaanisha.

Momanyi akaketi. Mkono wa Kerubo ukaenda nyuma, vidole vitano chini. Momanyi akavitazama, kisha akaanza kuipapasa piano, juu ya kifuniko, pembeni, chini, kama mtu anayetafuta swichi kwenye nyumba ya wageni. Watu wakacheka. Nami nilicheka, tena kwa sauti. Akaacha kutafuta. Akaweka mikono mapajani.

"Dada Kerubo," akasema, wala hakunong'ona. "Hii haihami, na mimi sijui kuhama. Mimi niko kwa C. Wewe kuja hapa."

"Huko ni chini kwangu, Momanyi."

"Najua. Hata obokano ya babu ilikuwa hivyo tu. Ikishafungwa imefungwa, haimfuati mtu. Mwenye anaimba ndiye alikuwa anakuja."

Nikamwangalia Kerubo nikingoja amfukuze. Halafu ule mkono wa kushoto ukatoka nyuma ya mgongo. Akaupeleka mbele, akaishika maikrofoni kwa mikono yote miwili.

Kushuka kutoka D fleti hadi C ni hatua moja fupi, mtu wa mtaani asingeitambua. Lakini kwenye wimbo ule, ambao hakuwahi kuushusha chini ya D fleti hata siku ya mafua, kulikuwa na mahali ambapo Kerubo kila siku aligusa chini na kuondoka haraka, na sasa palikuwa chini zaidi, na mkono wa kushoto wa Momanyi ulikuwa unanguruma pale ukimsubiri. Hakuweza kuondoka haraka. Sauti ikamkwaruza. Ilitoka sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa miaka yote niliyokaa nyuma yake, sauti ya mtu anayeongea na mamake jikoni mvua ikinyesha. Wahudumu walisimama na sahani mikononi. Mwenye hoteli alivua kofia yake, akaivaa tena. Mimi nilikuwa nikisikia wimbo ninaoujua kuliko jina langu, na nilikuwa nausikia mara ya kwanza, na ulikuwa mzuri, na aliyeufanya mzuri hakuwa mimi. Nilimchukia Momanyi wimbo mzima. Ulipoisha nilipiga makofi na wengine, kwa kuwa mikono ilifanya hivyo kabla sijaiuliza.

Kerubo alinifuata nilipokuwa nakunja waya. Hakuzunguka. "Onchari, piano nimempa Momanyi."

"Yeye hajui doh nyingine, dada. Utaimba kila kitu pale pale?"

"Nitajifunza kuja."

"Mimi nilikuwa nakufuata popote."

"Najua. Ulinifuata vizuri mpaka sikuwahi kwenda mahali popote."

Nilibaki pembeni na kinanda cha umeme, nikiweka sauti za nyuzi laini nyuma ya piano yake, mpaka mwaka huu vidole vilipoanza kuwa vizito asubuhi za baridi. Nilikuwa pembeni ya mtu wa pembeni, cheo ambacho sijaona kikiandikwa popote. Kazi niliifanya vizuri. Momanyi baadaye aliniita peke yangu kibandani kwake, akiwa na simu ya mtu imefunguliwa tumbo, akaniomba nimfundishe zile doh nyingine. Nikamfundisha. Alizipata haraka kuliko mimi, na sitaandika alichukua muda gani.

Siku ya kuniaga ilikuwa Jumapili moja mchana, hapo hapo bustanini. Moraa alivaa kitenge kipya. Hotuba zilikuwa fupi kwa sababu mvua ilikuwa imesimama juu ya milima ya Manga. Momanyi akainuka kwenye piano, akapangusa kiti kwa leso yake, akaniambia, "Karibu, mzee." Nikaketi. Kerubo akawaambia watu kwamba mimi nimempigia maisha yangu yote mahali anapotaka yeye. Kisha akanigeukia.

"Leo chagua wewe. Popote utakapoweka doh, mimi nitakuja."

Mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye maikrofoni. Ndicho kitu nilichokitamani tangu Jumapili ile. Nilikuwa nimekifanyia mazoezi kichwani nikipogoa chai, nikipanda boda boda, nikisubiri usingizi. Vidole vyangu vikasimama juu ya piano, na nyumba zote kumi na mbili zilikuwa wazi mbele yangu, na nazijua zote, na hakuna hata moja iliyoniita. Bustani ikangoja. Nikainama kidogo, kama kawaida, na mdomo ukasema wenyewe.

"Doh iko wapi leo, dada?"

Watu wakaangua kicheko, wakadhani ni utani wa kuagana. Kerubo alicheka mpaka akafuta macho, kisha akapeleka mkono nyuma, vidole vitano chini, nami nikampigia D fleti bila kosa hata moja. Moraa naye alicheka. Momanyi peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama kando ya piano ananitazama, na nilijua ameelewa. Hata hilo nilimwonea wivu.